Kijiti cha mswaki au dawa ya kusukutua?

SWALI: Naishi Korogwe, na fizi zangu hutoka damu. Bibi yangu wa Handeni anasisitiza kijiti na maji ya mwarobaini. Duka la dawa wameniuzia klorheksidini ya kusukutua. Nishike lipi?

JIBU: Bakteria wa ukoga hujenga utando unaong'ang'ania jino. Kusukutua tu hakuubandui, lazima usuguliwe. Hapo bibi ana hoja: kijiti cha mti wa mswaki (Salvadora persica), ncha ikitafunwa ikawa nyuzi, hubandua utando, na utomvu wake hupunguza bakteria. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuhimiza matumizi yake panapozoeleka. Mwarobaini nao hudhoofisha bakteria, ila maji ya kuchemsha nyumbani hayana kipimo. Usiyameze, hasa ukiwa mjamzito.

Klorheksidini ya asilimia 0.12 hadi 0.2 ina nguvu zaidi, lakini ni ya muda, kwa kawaida wiki mbili. Ukizidisha, meno huingia madoa ya kahawia na ladha ya chakula hubadilika.

Kila siku sugua mara mbili kwa dawa ya meno yenye floridi. Damu isipokoma baada ya wiki mbili, nenda kliniki ya meno: ukoga uliokwisha kuwa mgumu hukwanguliwa kwa vifaa tu.