Siku 14 za Mwisho Kabla ya Safari Ndefu

Mtu akiazimia kwenda ng'ambo kusoma au kufanya kazi kwa miaka, mara nyingi fikira zake zote huwa katika nauli na sanduku la nguo. Lakini nguo iliyosahauliwa hununuliwa huko aendako. Shamba lililopotea si rahisi kulipata tena. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa vijiji vya Tanzania mambo yapasayo kutengenezwa katika siku 14 za mwisho, kila jambo kwa wakati wake.

1. Shamba. Hili latangulia, kwa kuwa lataka watu wengi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 45, yasema kwamba ardhi ya kimila yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa ikiwa mwenyewe hakuikalia wala kuitumia kwa muda usiopungua miaka 5. Tena yaweza kuhesabiwa hivyo ikiwa ametoka katika nchi bila kuweka mtu wa kuiangalia, wala hakuiarifu halmashauri ya kijiji. Angalieni vema: jambo hili la pili halingoji miaka 5.

Basi msafiri aiandikie halmashauri barua, ataje shamba, mipaka yake, na jina la mtunzaji. Nakala moja ipigwe muhuri, ikae nyumbani. Kisha azunguke mipakani pamoja na mtunzaji na majirani. Palipo na pengo la minyaa au masale, pakapandwe. Yafaa pia kuandika mazao yatakuwa ya nani, na kwamba mtunzaji hatapanda miti ya kudumu bila ruhusa, maana mwenye miti huja akadai na ardhi.

2. Chanjo. Nchi nyingine hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa sababu mwili wahitaji muda kujijengea kinga. Akumbukaye chanjo siku 3 kabla ya safari amechelewa. Aliye na cheti cha zamani asitaabike. Tangu mwezi Julai 2016 cheti ni halali kwa maisha yote ya mwenyewe.

3. Madeni. Dawa ya deni ni kulipa. Lisiloweza kulipwa liandikwe, pamoja na kiasi, siku ya kulipa na mashahidi wawili. Vivyo hivyo na fedha unazowadai wengine. Mali bila daftari hupotea bila habari.

4. Walio nyumbani. Waambiwe wazi nani atakayeamua mtoto akiugua usiku, ada ya shule italipwa na nani, na kadi ya kliniki i wapi. Fedha za miezi ya kwanza ziachwe kabla ya kuondoka, kwani mshahara wa kwanza hukawia.

5. Hati. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kuisha. Jambo hili lichunguzwe mapema. Siku 3 za mwisho ni za kutoa nakala tu. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine ikae mbali na pasipoti yenyewe. Namba za simu ziandikwe katika karatasi, maana simu huibiwa au kuzima. Dawa zichukuliwe katika mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari.

6. Siku ya mwisho. Isiwe na kazi yo yote ila kuagana. Wazee waendewe kwao, wasiitwe. Neno la kuomba radhi lisemwe siku hiyo, kwani safari ya miaka haijulikani nani atakutwa hai.

Twawaomba wenyeviti wa vijiji na walimu wawasomee watu habari hizi mkutanoni, hasa ile ya shamba. Barua moja iliyoandikwa leo yaweza kuzuia kesi ya miaka kumi.