Dirisha Moja, Akaunti Kumi

Saa nne asubuhi, angalia kompyuta ya muuza vipuri yeyote wa Kariakoo anayepokea oda kwa WhatsApp. Vichupo vya kivinjari vimebanana hadi majina hayasomeki: barua pepe ya duka, barua pepe yake mwenyewe, WhatsApp, Instagram, jedwali la stoo, kalenda, na kingine kinachocheza muziki ambacho hakuna anayejua kiko wapi. Mteja wa Bujumbura ameulizia bei ya taa za mbele za Noah tangu saa mbili, na swali lake limo humo humo.

Kwa hali hiyo kuna programu zinazokusanya kurasa zote hizo ndani ya dirisha moja, kila moja ikiwa na alama yake pembeni. Franz ilianza mwaka 2016, kazi ya Stefan Malzner wa Vienna. Baadaye mambo kadhaa yaliwekwa nyuma ya malipo, wasanidi wengine wakachukua msimbo wake ulio wazi na kutengeneza Ferdi, na mwaka 2022 kutoka Ferdi ikazaliwa Ferdium. Wavebox, Rambox na Shift zinafanya kazi inayofanana. Hapa natumia Ferdium kwa sababu ni ya bure na inakubali Windows, macOS na Linux.

Nionye mapema: wanaosakinisha programu hizi bila kujipanga huishia kuhamisha vurugu kutoka dirisha moja kwenda jingine. Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji hata kompyuta.

Hatua ya 1: Kalamu na karatasi

Andika kila ukurasa unaoufungua katika wiki ya kawaida, kisha ugawe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile ambavyo mtu upande wa pili anasubiri jibu: WhatsApp ya duka, barua pepe ya oda, ujumbe wa Instagram. La pili ni vile unavyovitazama mara moja kwa siku au kwa wiki, kama jedwali la stoo na kalenda. La tatu ni vile ambavyo havitaingia kabisa.

Fungu hili la tatu ndilo wengi hulisahau. Benki, pesa za simu na mfumo wa kodi vibaki kwenye kivinjari cha kawaida. Sababu ni tatu. Programu za aina hii zimetengenezwa ili ubaki umeingia wakati wote, na hicho ndicho usichokitaka kwenye akaunti ya benki. Pia, kwa kawaida hazikuonyeshi anwani ya ukurasa uliopo, wakati kuisoma anwani hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kugundua kwamba umepelekwa kwenye tovuti ya matapeli. Zaidi ya hayo, Ferdium imejengwa juu ya Electron, ambayo ndani yake ni kivinjari cha Chromium, na marekebisho ya usalama huifikia Chrome yenyewe kabla ya kuifikia Ferdium.

Hatua ya 2: Pima kompyuta yako

Kila huduma unayoiweka ni ukurasa kamili unaofanya kazi. Huduma kumi ni kurasa kumi, na kumbukumbu ya kompyuta hailiwi kidogo kwa sababu tu zimekaa dirisha moja. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uangalie RAM iliyopo na inayotumika.

Ukiwa na GB 4, ushauri wangu ni kuachana na Ferdium. Tumia Chrome yenye wasifu mbili, mmoja wa kazi na mmoja wa nyumbani. Kila wasifu una dirisha lake na akaunti zake. Au tumia Vivaldi, kivinjari kinachokuruhusu kubandika kurasa kama WhatsApp kwenye ukingo wa dirisha. Ukiwa na GB 8 au zaidi, endelea.

Hatua ya 3: Sakinisha

Ipakue kutoka ferdium.org, si kwenye tovuti za kupakua programu za bure, ambazo mara nyingine huchomeka na vitu usivyoviomba. Ikifunguka mara ya kwanza itakuuliza kama unataka akaunti. Unaweza kuendelea bila kuwa nayo. Kazi ya akaunti ni kubeba orodha ya huduma zako na mpangilio wake hadi kompyuta nyingine; huko bado itakubidi uingie upya kwenye kila huduma.

Hatua ya 4: Ongeza huduma, moja baada ya nyingine

Kwenye orodha ya huduma chagua WhatsApp, kisha uipe jina linaloeleweka: “WhatsApp Duka”. Fungua WhatsApp kwenye simu, nenda sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uskani msimbo wa QR unaoonekana kwenye kompyuta. Simu moja inaruhusu vifaa vinne vya ziada. Kumbuka pia kwamba simu isipotumika kwa siku 14, vifaa hivyo vyote hutolewa. Kwa hiyo ile simu ya duka inayolala kwenye droo bila chaji itakuletea usumbufu.

Ukitaka WhatsApp yako binafsi, iongeze kama huduma ya pili. Hapa ndipo Ferdium inapokishinda kichupo cha kawaida, maana kila huduma inatunza kuingia kwake peke yake. Namba mbili za WhatsApp au barua pepe tatu za Gmail hukaa pamoja bila mojawapo kuitoa nyingine.

Google mara nyingine hukataa mtu kuingia kupitia programu za namna hii na kusema kivinjari si salama. Kwanza hakikisha una toleo jipya la Ferdium, kisha ujaribu tena. Ikiendelea kukataa, iache Gmail kwenye kivinjari. Mbinu za kulazimisha zinazozunguka mitandaoni, hasa zile zinazokutaka upunguze ulinzi wa akaunti, hazistahili.

Mfumo usio kwenye orodha, tuseme ule wa kutoa ankara, unauongeza kama tovuti yako mwenyewe kwa kubandika anwani yake. Utafanya kazi vizuri, ila usitegemee namba nyekundu ya ujumbe mpya juu ya alama yake, kwa sababu Ferdium haijui pa kuhesabia katika ukurasa isioufahamu.

Hatua ya 5: Gawa maeneo ya kazi

Sasa rudi kwenye karatasi. Sehemu iliyoandikwa Workspaces inakuruhusu kutengeneza vikundi vya huduma. Kosa la kawaida ni kupanga kwa aina: barua pepe zote huku, mitandao ya kijamii kule. Hakuna anayefanya kazi hivyo. Unapomhudumia mteja wa Lubumbashi unahitaji WhatsApp ya duka, jedwali la stoo na barua pepe ya oda, vyote kwa pamoja, nalo hilo ndilo eneo lako la kwanza: “Mauzo”. Jioni unafunga hesabu kwa jedwali lile lile, mfumo wa ankara na barua pepe ya mhasibu: “Hesabu”. WhatsApp yako na Gmail yako zikae “Nyumbani”. Huduma moja inaruhusiwa kuwa katika maeneo mawili, kwa hiyo jedwali la stoo liweke kote linakotakiwa.

Ukiingia eneo moja, huduma za maeneo mengine hupumzishwa isipokuwa umechagua kwenye mipangilio kwamba maeneo yote yabaki wazi. Usiwahi kuchagua hilo bila sababu. Ukiwa “Mauzo”, kundi la kamati ya harusi ya binamu linaendelea na michango yake bila kukufikia, na simu yako ipo mfukoni kwa jambo la dharura.

Hatua ya 6: Amua nani apige kelele

Kila huduma ina mipangilio yake ya arifa, sauti na namba ya ujumbe mpya. Anza kwa kuzima sauti za zote. Kisha washa ya huduma moja tu, ile ambayo ukichelewa kuijibu mteja anahamia duka la jirani. Nyingine zibaki na namba tu, ambayo utaiona ukitaka kuiona. Kalenda iachie arifa bila sauti.

Makundi ya WhatsApp hayanyamazishwi hapa. Yanyamazishe ndani ya WhatsApp yenyewe, kundi kwa kundi, la sivyo namba itakuwa inapanda kutwa nzima na utazoea kuipuuza hata pale inapomhusu mteja.

Hatua ya 7: Zilaze zisizotumika

Ferdium inaweza kuilaza huduma iliyokaa muda bila kuguswa, na hivyo kurudisha kumbukumbu kwa kompyuta. Iruhusu kwa fungu la pili la karatasi yako. Usiiruhusu kwa WhatsApp ya duka: huduma iliyolala haipokei kitu, na unaweza kukaa mpaka adhuhuri ukidhani biashara imepoa. Wanaotumia bando la simu watafaidika zaidi hapa, kwani kurasa zilizo macho hupakua picha na taarifa hata usipozitazama. Kwa sababu hiyo hiyo, zima chaguo la Ferdium kujiwasha yenyewe kompyuta inapowaka.

Hatua ya 8: Kufuli

Anayekaa mbele ya dirisha hili ameshika akaunti zako zote. Weka nenosiri la kufungulia Ferdium na uiagize ijifunge baada ya dakika chache. Kufuli hilo linamzuia mpita njia tu, kwa hiyo kompyuta yenyewe iwe na nenosiri, na kila mfanyakazi awe na akaunti yake ya Windows. Akaunti za Google na WhatsApp zipe uthibitishaji wa hatua mbili.

Kwenye kompyuta ya kukodi, ya intaneti kafe au ya hoteli, usisakinishe kabisa. Na ukiuza kompyuta, au aliyekuwa anaitumia akiacha kazi, kufuta programu hakutoshi. Chukua simu ya duka, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, toa kifaa hicho. Halafu ingia kwenye akaunti ya Google, sehemu ya usalama, uondoe kompyuta hiyo na ubadilishe nenosiri siku hiyo hiyo.