SOMO: UKURASA WA MWANZO WA TOVUTI NA USALAMA WA NYARAKA

Watumishi wa Serikali, hasa waliokabidhiwa kazi ya kuweka matangazo na fomu katika tovuti za ofisi zao, pamoja na wananchi kwa jumla, wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini.

Tovuti ni mkusanyiko wa mafaili yaliyopangwa ndani ya folda, mfano wa majalada katika makabati ya masjala. Msomaji anapoandika anuani ya folda tu bila ya kutaja faili, seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kutoa kurasa hizo, hulazimika kuamua ni faili lipi impatie.

Seva huamua kwa kufuata orodha ya majina iliyowekwa na msimamizi wake. Hutafuta jina la kwanza. Likikosekana, hutafuta la pili, na kuendelea. Linalopatikana mwanzo ndilo litolewalo. Programu ya Apache, iliyotoka mwaka 1995, na nginx, iliyotolewa kwa umma mwaka 2004, kwa kawaida hutafuta index.html. IIS ya Microsoft huanza na Default.htm. Kwa hivyo, ukurasa uitwao Default.htm ukihamishiwa katika Apache bila ya orodha kurekebishwa, hautafunguka kwa anuani ya folda, ingawa umo.

Aidha, ofisi ikiweka index.php mpya na kuiacha index.html ya zamani, seva inayoitanguliza index.html itaendelea kutoa ile ya zamani. Mwananchi atasoma tarehe iliyokwisha kupita na kukosa haki yake.

Pasipokuwa na jina hata moja la orodha, hutokea mojawapo ya mambo mawili. Ama seva hukataa kwa jibu namba 403, ama humwonyesha msomaji mafaili yote yaliyomo. Nginx hukataa isipokuwa imeamriwa vyenginevyo. Apache huorodhesha pale ambapo chaguo la Indexes limeruhusiwa. Hapo ndipo penye hatari, kwani majina ya waombaji kazi au hati za mishahara huweza kuonekana na mtu yeyote.

Kwa hivyo inashauriwa:

1. Kila folda iwe na ukurasa wa mwanzo, na jina lake liandikwe kwa herufi ndogo. Kwa kawaida, katika seva za Linux, Index.html na index.html ni majina mawili mbalimbali.

2. Ukurasa mpya unapowekwa, wa zamani uondolewe.

3. Msimamizi wa Apache aandike "Options -Indexes" ili kuzuia uorodheshaji.

4. Nyaraka za siri zisiwekwe kabisa katika folda za tovuti. Kuficha orodha si kulifunga faili. Ajuaye anuani yake kamili ataweza kulifungua.

Kila ofisi ijaribu leo: iandike anuani ya kila folda peke yake, na itazame kinachotokea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.