Umeme Unavyofungua Mlango wa Seli

Wanachuo wenzangu, tukisikia umeme na mwili hai, akili inakimbilia kupigwa shoti. Ila upo umeme unaoingiza dawa au DNA ndani ya seli na kuiacha seli hai. Kitaalamu unaitwa elektroporesheni.

Tuanze na kikwazo. Seli imezungukwa na utando wa mafuta wenye unene wa nanomita 5 hivi. DNA haipiti hapo kirahisi, wala dawa nyingi zinazoyeyuka kwenye maji. Sasa weka seli katikati ya elektrodi mbili, piga pigo fupi la umeme. Chaji zinajipanga pande mbili za utando. Tofauti ikifika kama nusu volti tu, gawanya kwa ule unene: unapata volti milioni 100 kwa mita! Utando unazidiwa, maji yanapenya, vitundu vinafunguka. Pigo likikoma, vitundu vinaziba taratibu, na kilichoingia kimeshaingia.

Pigo liwe kubwa kiasi gani? Kwa seli ya duara, kadirio ni hili:

Volti ya utando = 1.5 × uga wa umeme × nusu kipenyo

Seli ya mnyama yenye nusu kipenyo cha mikromita 10, kwenye uga wa volti 1,000 kwa sentimita, inapata volti 1.5. Inatosha. Bakteria mwenye nusu kipenyo cha mikromita 0.5 anapata volti 0.075 tu, hata hashtuki. Ndiyo maana kwa bakteria maabara hupandisha uga hadi kupita volti 10,000 kwa sentimita. Kadiri seli inavyokuwa ndogo, ndivyo inavyodai uga mkubwa.

Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenzake walionyesha kuwa kwa njia hii jeni huingia kwenye seli za panya. Miaka ya 1990 mwanzoni, nchini Ufaransa, Lluis Mir na wenzake waliipeleka kwa wagonjwa wa saratani. Dawa ya bleomisini ni kali ikiwa ndani ya seli, ila kuingia ndiyo shida. Mgonjwa anapewa dawa na ganzi, kisha uvimbe unapigwa mapigo 8, kila moja mikrosekunde 100. Dawa inafanya kazi zaidi pale palipopigwa.

Hapo hesabu si mchezo. Pigo likipungua, dawa inabaki nje na uvimbe unaendelea. Likizidi, vitundu havizibi na hata seli nzima zisizo na ugonjwa zinakufa.

Kwa sisi wa ualimu, hili ni jibu la mwanafunzi wa Biolojia anayeuliza Fizikia itamsaidia nini. Mpe hesabu hii: seli ya hamira ina nusu kipenyo cha mikromita 2.5, inahitaji uga gani ili utando upate volti 1? Jaribu na wewe, kisha tukutane kimbwetani tulinganishe majibu.