Plastiki Inayotambua Vijidudu vya Maji

Maji yanayong'aa ndani ya glasi yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Ndiyo sababu bwana afya huchota maji ya kisima na kuyapeleka maabara. Huko vijidudu hupewa chakula na joto, vizaliane mpaka vionekane. Kazi hiyo huchukua saa 18 hadi 24, pengine zaidi, bila kuhesabu safari. Muda wote huo kijiji kinaendelea kunywa. Wanaokumbuka kipindupindu kilichoenea Tanzania mwaka 1977 wanajua kwamba ugonjwa huo huweza kumwua mtu mzima kwa saa chache tu.

Kwa hiyo wataalamu wanatafuta njia ya kupata jibu upesi. Njia mojawapo ni kutumia polima, yaani kitu kilichoundwa kwa chembe ndogo sana zilizoungana kama shanga katika uzi. Plastiki na mpira ni polima.

Umewahi kuona unyayo wa mbuzi katika tope lililokauka? Polima nayo, ikiwa bado laini, hugandamizwa na vijidudu. Ikisha kuwa ngumu, vijidudu huondolewa na mashimo yenye umbo lao hubaki. Kijidudu cha aina ile kikija tena hunasa katika shimo lake, na chombo cha umeme hupima badiliko hilo dogo. Polima nyingine hubadili rangi. Mwaka 1993 wataalamu wa Berkeley, Marekani, walionyesha utando wa buluu uliogeuka mwekundu ulipokutana na virusi vya mafua. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa kwa sumu ya kipindupindu.

Mbona basi vyombo hivi havijaenea visimani? Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na kijidudu hata kimoja cha koli, ambacho ni dalili ya kinyesi, katika mililita 100. Hiyo ni karibu nusu glasi, kama matone 2,000. Chombo hugusa matone machache tu, na kijidudu chenyewe kinaweza kuwa katika tone lisiloguswa! Ni lazima kwanza maji yachujwe ili vijidudu vikusanywe, na hapo muda unapotea tena. Tope nalo huziba mashimo. Isitoshe, kijidudu kilichouawa na klorini huenda kikanasa sawa na kilicho hai, maji salama yakaonekana mabaya. Kwa maoni yetu ugumu huu wa mwisho si mkubwa sana. Afadhali kuogopa maji mazuri kuliko kuamini mabaya.

Wakati unangoja jibu la maabara, chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 kama unakaa juu ya mita 2,000. Yafunike, na uyachote kwa kata yenye mpini.

Maswali ya kujadili darasani: Maji ya kisima chenu yalipimwa lini? Kisima kikiwa safi, maji yanaweza kuchafuka wapi kabla ya kufika mdomoni?