Nyuzi Zimekwisha Thieta: Nani Kazificha?

Maswali yametoka Kariakoo, Gerezani na Mchikichini. Anayejibu ni mshauri wa huduma za upasuaji na ugavi wa vifaa tiba, na ameanza na lile linalomkera kuliko yote.

Mgonjwa wetu alikuwa apasuliwe, tukaandikiwa nyuzi na glovu tukanunue. Si wamezificha?

Barua kadhaa zinauliza hilo hilo. Anazijibu kwa pamoja. Wizi upo, na mwizi apelekwe mahakamani. Ila stoo nyingi alizokagua zilikaushwa na hesabu mbovu. Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, hugawa kwa kufuata maombi ya kituo, na maombi hutokana na matumizi yaliyoandikwa. Chukua hospitali inayomaliza boksi 12 za nyuzi kwa mwezi. Ilizonazo zinakwisha mwezi wa kwanza, miezi miwili rafu ni tupu. Anayejaza fomu bila kutoa siku ambazo nyuzi hazikuwepo anagawa 12 kwa 3 na kuomba boksi 4 kwa mwezi. Analetewa 4. Zinakwisha ndani ya siku kumi, kisha lawama zinakwenda MSD.

Ndiyo maana akifika hospitali huomba kwanza kadi ya stoo. Sifuri ikiwa imeandikwa pamoja na tarehe yake, hesabu inarekebishika. Pakiachwa wazi, hakuna anayejua rafu ilikauka lini.

Na MSD ikikosa? Kuna mfumo wa mshitiri, Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima 2018: kituo cha umma kinaagiza kwa msambazaji aliyeteuliwa wa mkoa. Kumtuma ndugu wa mgonjwa mitaani usiku wa manane hakumo katika utaratibu huo, na mshauri anapolizungumzia hilo sauti inampanda.

Glovu za Mtaa wa Kongo si ni zile zile?

Hapana. Za boksi la 100 ni za kumpimia mgonjwa, hazijatakaswa. Za upasuaji huja jozi moja moja, pakiti imefungwa, ina saizi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti iliyolowa au kuchanika itupwe.

Nimeambiwa nilipie damu.

Damu haiuzwi, mwone mganga mfawidhi leo hii.

Mzee wangu ana busha. Mganga wa kienyeji anasema limetokana na madafu, ana dawa ya kupaka.

Amwache huyo mganga. Mabusha mengi ya Pwani husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na tiba yake ni upasuaji.

Mbona waliniuliza jina na sehemu ya kupasuliwa mara kwa mara? Hawana faili?

Wanalo, na wanafanya kazi yao. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19, husomwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya kutoka thieta. Ilijaribiwa katika hospitali za miji 8, Ifakara yetu ikiwa pamoja na London na Seattle. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wasipokuuliza, watajie wewe mwenyewe jina lako na upande unaopasuliwa.