KUTU SI UCHAFU: KUZIOKOA BAWABA NA MAKOMEO YA ZAMANI

Watu wengi hudhani ya kuwa kutu ni uchafu ulioganda juu ya chuma, kama matope juu ya kiatu, na ya kuwa ukiisha kuusugua chuma hurudi kama kilivyokuwa. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kilichokwisha kugeuka. Chuma kikikutana na maji na oksijeni iliyomo hewani, huungana navyo kikawa kitu kingine, chekundu, cha ungaunga, kisicho na nguvu. Basi anayetoa kutu hakifufui chuma kilichokufa. Huokoa kile kilichobaki. Na dawa njema ni ile inayokula kutu ikakiacha chuma.

Nimeona niandike habari hii kwa ajili ya debe moja tulilopewa katika karakana ya shule baada ya bweni la zamani kubomolewa. Lilijaa bawaba, makomeo, bolti na skrubu, zote nyekundu, maana hapa pwani upepo huja na chumvi, na chumvi huiharakisha kutu sana. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa tayari na mizani yao. Niliwaambia wanafunzi tulitazame kwanza, kwa kuwa bawaba zile zilikuwa nene, na zile za bei nafuu madukani leo nyingine twaweza kuzipinda kwa mkono. Katika debe lile tulipata bawaba kumi na moja nzima, nazo sasa zinabeba milango ya stoo na maktaba.

Kuchagua ndiyo kazi kubwa, kuliko dawa yoyote. Ning'iniza bawaba kwa uzi uigonge polepole kwa nyundo ndogo: iliyo nzima hulia, iliyooza hutoa sauti butu na magamba huanguka. Bolti iliyoliwa hata ikawa nyembamba kiunoni haifai kubeba mzigo, hata ikisafishwa ikang'aa kama fedha. Pitisha sumaku pia. Isiposhika, huenda kitu hicho ni shaba, nacho hakihitaji dawa ya kutu. Chenye ngozi ya kijivu ya zinki kisitiwe katika asidi, maana asidi huila zinki kwanza, na zinki ndiyo iliyokuwa ikikilinda chuma. Na ikiwa kitu kina rangi ya zamani, wazazi wangu, msiwaache watoto waikwangue kavu wala kuichoma moto. Rangi za zamani nyingi zilitiwa risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto.

Nati iliyokamatana na bolti isilazimishwe. Kutu hujaza nafasi mara mbili au zaidi ya ile ya chuma kilichoizaa, ndiyo sababu hubana hivyo. Itie mafuta ya taa, uiache usiku kucha, kisha uikaze kidogo kabla ya kuilegeza. Ikiisha kufunguka, ioshe kwa sabuni, kwa maana dawa ya majimaji haipiti penye mafuta.

Dawa iliyo rahisi ni siki. Siki ya dukani kwa kawaida ina asidi kiasi cha 5 katika 100. Maji ya ndimu hufaa pia, na ukwaju, ambao mama zetu husugulia sinia za shaba, una asidi yake. Tumia chombo cha plastiki au kioo, wala si sufuria ya alumini, na kitu kizame chote. Kitazame kila baada ya saa chache, ukisugue kwa brashi. Mara nyingi usiku mmoja hutosha. Ukikiacha juma zima, asidi ikiisha kumaliza kutu huanza kula chuma chenyewe.

Njia ya pili naipenda zaidi, maana chuma hakiliwi. Nayo ni elektrolisisi. Neno hili, pamoja na anodi na kathodi, Michael Faraday wa Uingereza aliyatangaza mwaka 1834. Yeyusha kijiko kimoja cha magadi katika kila lita ya maji, ndani ya ndoo ya plastiki. Ning'iniza kitu chenye kutu upande mmoja na kipande cha chuma kisichofaa upande wa pili, visigusane. Unganisha chenye kutu na ncha hasi ya betri ya gari ya volti 12, na kile kipande na ncha chanya. Ukigeuza, utakiharibu kile ulichotaka kukiokoa. Vipovu vitapanda, na baada ya saa kadhaa kutu italegea, ikiacha masizi meusi yanayotoka kwa brashi.

Vipovu vile ni hidrojeni, nayo hulipuka. Kazi hii ifanywe nje, mbali na moto, mwalimu akiwapo, na nyaya zisigusane. Umeme wa ukutani usitumiwe kamwe. Usitie chumvi mahali pa magadi, maana hutoa klorini, hewa ya sumu. Wala usitumie kijiko kisichoshika kutu kwa anodi, maana kromu iliyomo huweza kuyafanya maji kuwa sumu. Springi za vitasa zisitiwe katika siki wala katika ndoo hii: hidrojeni hupenya ndani ya chuma kigumu kikavunjika kama kigae. Hizo zatosha msasa mwembamba na mafuta.

Kitu kikitoka, hasa katika siki, kioshe kwa maji yenye magadi kidogo, kisha maji safi, ukikaushe upesi juani au karibu na jiko. Ukienda kula kwanza utarudi ukute wekundu umeanza upya. Kikiwa bado na joto, kipake mafuta ya mashine; cha mlango wa nje kipake rangi ya kuzuia kutu.

Wakati wa kufunga bawaba, usitumie skrubu za shaba juu ya chuma ati kwa kuwa zinapendeza. Zikipata unyevu, shaba na chuma hufanya betri ndogo, na chuma ndicho kinacholiwa kuzunguka kila tundu. Tafuta skrubu za chuma katika debe lile lile, uzichovye katika grisi kabla ya kuzikaza, ili atakayezifungua siku nyingine asihitaji mafuta ya taa.